Kutoka Mwanza hadi Jinja: siku sita kando ya ziwa

Siku ya kwanza, Jumatatu: Mwanza hadi Musoma

Basi liliondoka stendi ya Nyamhongolo saa kumi na mbili na robo asubuhi, likiwa limechelewa robo saa tu, jambo ambalo abiria wenzangu walilisifu kwa sauti. Kabla ya hapo, nikiwa ndani ya daladala iliyonitoa mjini kwa barabara ya Musoma, nilipita Nyakato penye maghala na viwanda, kisha nikauona uzio wa Mwatex, kiwanda cha nguo ambacho watu wa umri wangu tulilelewa nacho bila kuajiriwa humo, kwa sababu shuka tulizojifunika na khanga walizofunga mama zetu zilitoka nyuma ya uzio ule.

Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa fundi wa mitambo ya kusokota uzi katika enzi ambayo pamba ilikuwa kila kitu hapa Mwanza, hata timu yetu ya mpira ikaitwa Pamba. Yeye ndiye aliyenitia kiu ya safari hii. Kila tulipokaa kibarazani kwake na mazungumzo yakafika kwenye viwanda, hakuacha kusema kwamba sisi tulikuwa wanafunzi na Jinja ndiyo iliyokuwa shule yetu, ingawa yeye mwenyewe hakuwahi kukanyaga huko. Sasa magoti yamemkatalia safari ndefu, nami nimeamua kwenda kuitazama shule hiyo kwa niaba yake, kwa njia ya nchi kavu, maana meli ya abiria ya kutoka Mwanza kwenda Jinja imebaki katika hadithi za wazee.

Njia yenyewe sina mengi ya kuisimulia. Tulipita Magu na daraja la mto Simiyu, tukafika Lamadi ambako wauza samaki wa kukaanga walizunguka basi kabla halijasimama, na baada ya lango la Ndabaka nyumbu wachache walitutazama bila shauku. Jioni nilitembea Musoma katika barabara ya Mukendo hadi karibu na maji. Musoma nayo ilipata kiwanda chake cha nguo, Mutex, na jina hilo bado linatajwa mjini kama anavyotajwa ndugu aliyehamia mbali. Nililala mapema.

Siku ya pili, Jumanne: Musoma hadi Kisumu

Leo nimebadilisha gari mara tatu na fedha mara moja. Daraja la Kirumi juu ya mto Mara lilipita nikiwa nasinzia, nikazinduka Tarime kwa baridi ambayo mtu wa Mwanza haitarajii. Pale Sirari maofisa wa nchi zote mbili huketi katika jengo moja, na kuvuka kulinichukua muda mfupi kuliko kumpata mwenye chenji ya shilingi za Kenya. Nilimkumbuka tena mjomba, aliyeishi wakati ambapo mpaka huu ulifungwa kabisa baada ya Jumuiya ya Afrika Mashariki kuvunjika mwaka 1977, usifunguliwe hadi 1983. Mali za Jumuiya ziligawanywa kama mirathi ya ndugu waliogombana: meli za Victoria na Umoja zikabaki Tanzania, Uhuru ikabaki Kenya, na bandari ambazo zilikuwa vituo vya njia moja zikageuka kila moja kuwa mwisho wa njia.

Migori, Rongo, Kisii, Oyugis, Ahero. Kisumu niliingia saa mbili usiku, mgongo ukinidai.

Siku ya tatu, Jumatano: Kisumu hadi Jinja

Asubuhi nilijipa saa tatu za kutembea Kisumu kabla ya kuendelea. Reli kutoka Mombasa ilifika hapa mwishoni mwa 1901, na wengi wetu husahau kwamba siku hiyo reli ilikuwa imekwisha kuingia Uganda, kwani eneo hili lilihesabiwa kuwa jimbo la mashariki la Uganda hadi mwaka uliofuata, wakati mstari wa mpaka uliposogezwa kwa kalamu. Kisumu pia ilikuwa na kiwanda chake cha pamba, Kicomi, kilichofungwa katika miaka ya 1990. Hata hivyo, katikati ya mji kumejaa watu, bodaboda, mahubiri ya vipaza sauti na harufu ya samaki, kiasi kwamba mgeni anaweza kuishi hapa mwaka mzima asijue kwamba kuna kilichokosekana. Niliandika hilo katika daftari langu: kiwanda kinaweza kufa na mji usionyeshe msiba.

Busia nilivuka kwa miguu. Inasemekana, na wenyeji wa hapa hawakubali ubishi juu ya hilo, kwamba neno bodaboda lilizaliwa katika mpaka huu, kutokana na vijana wa baiskeli waliowabeba watu kutoka boda moja hadi nyingine. Aliyenibeba mimi baada ya kuvuka alikuwa na pikipiki, na alinitoza bei ya mgeni.

Kutoka Busia tulipita Bugiri na Iganga, kisha mashamba ya miwa yakaanza, makubwa, ya mwendo mrefu, na hapo nilijua kwamba tumekaribia Kakira, penye kiwanda cha sukari kilichoanzishwa na Muljibhai Madhvani mwaka 1930. Malori yenye shehena za miwa yalikuwa barabarani, kwa hiyo kiwanda hicho kinasaga hadi leo. Gari letu halikuingia Jinja. Barabara kuu ya kwenda Kampala inaupita mji kwa upande wa kaskazini, na abiria wa Jinja tulishushwa pembeni, mimi na mama mmoja mwenye kuku wawili, gari likaendelea na safari yake kuelekea daraja.

Saa moja jioni niliingia mjini. Barabara ni pana na zimenyooka, zinakatana kwa pembe sawa kama mistari ya daftari la hesabu, na miti mikubwa inazifunika pande zote. Dereva wangu wa bodaboda hakuhitaji kupiga honi hata mara moja. Kwa mtu aliyezoea barabara ya Nyerere pale Mwanza saa kama hiyo, ukimya huo ulinifanya niulize kama leo ni sikukuu. "Hapana," alisema, "hapa ni katikati ya mji."

Siku ya nne, Alhamisi: Barabara Kuu

Nimeitembea barabara ile ambayo kila mtu huiita Main Street mara tatu leo: alfajiri, saa sita mchana na jioni. Nataka kuieleza kwa uangalifu, kwa sababu nilikuja na picha ya mji uliokufa na picha hiyo si sahihi.

Majengo mengi ni ya ghorofa moja, yamejengwa bega kwa bega, yakiwa na baraza ndefu zilizofunikwa ili mteja atembee kutoka duka la kwanza hadi la mwisho bila kunyeshewa. Juu ya paa, mbele, kila jengo lina kilemba cha saruji chenye mapambo, na katikati ya kilemba limechongwa jina la ukoo na mwaka wa kujengwa, mingi ikiwa ya kuanzia miaka ya 1920 hadi ya 1950. Chini, barazani, biashara zipo: simu, dawa, nguo za mitumba, mikahawa ya watalii wanaokuja kwa ajili ya maporomoko ya mto Nile. Lakini ukiinua macho, madirisha ya juu yamefungwa kwa mbao ambazo rangi yake ilishakwisha, na ukizunguka nyuma, kwenye vichochoro ambavyo malori yalikuwa yakipakulia mizigo, unakuta maghala yenye milango ya chuma, kufuli zilizoota kutu, na majani yaliyokua hadi kufikia kitasa. Mji huu, basi, haujafungwa, ila umevaa koti la mtu mkubwa kuliko yeye, na mikono ya koti inaning'inia.

Jina Jinja maana yake ni jiwe, na sisi tunaotoka Jiji la Miamba tungepaswa kujiona tupo nyumbani. Mji ulianza kukua kwa pamba na kwa reli, lakini kilichoufanya kuwa kitovu cha viwanda cha Uganda nzima ni bwawa la Owen Falls, lililofunguliwa na Malkia Elizabeth wa Pili mwezi Aprili mwaka 1954. Umeme ukaleta mitambo ya nguo ya Nytil, na shaba iliyochimbwa Kilembe, magharibi kabisa ya nchi, ikawa inasafirishwa kwa reli hadi hapa ili iyeyushwe. Wenye maduka ya Barabara Kuu, wengi wao wenye asili ya India, waliwauzia nguo, sukari, baiskeli na redio wafanyakazi wa viwanda hivyo. Kisha, Agosti 1972, Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wana siku 90 za kuondoka. Makumi ya maelfu walifungasha. Maduka yaligawiwa kwa wanajeshi na kwa watu waliofahamiana na wanajeshi, bidhaa zilizokuwamo zikauzwa, na baada ya hapo hakukuwa na mtu aliyejua pa kuagiza nyingine. Katika miaka ya 1990 serikali ya Museveni iliwarudishia wengi wao majengo yao, baadhi wakarudi, wengine wakateua wakala wa kukusanya kodi ya pango.

Hiyo ndiyo simulizi ambayo kila mtu hapa humpa mgeni, nami nilipewa mara nne kabla ya chakula cha mchana.

Saa sita nilikimbia jua na kuingia chini ya baraza moja, mahali ambapo fundi cherehani alikuwa akishona sare ya shule. Kiswahili chake alikipata Mombasa, alikofanya kazi ujanani. Nilimwuliza kama naweza kuchungulia ndani ya duka lililo nyuma yake.

"Karibu, mgeni," alisema bila kusimamisha mguu. "Humo hakuna cha kuibwa."

Lilikuwa duka la vitambaa. Rafu za mbao zilipanda kutoka sakafuni hadi darini katika kuta tatu, zenye nafasi ya mamia ya majora, na juu yake yalilala majora saba tu, pamoja na chaja za simu na ndoo ya kuhifadhia maji. Kaunta ilikuwa ya ubao mmoja mzito wenye urefu kama wa mtumbwi, uliolainishwa na viganja vya mikono hadi ukang'aa. Kwenye ukingo wake, upande wa muuzaji, ilikuwa imepigiliwa misumari ya shaba kwa vipimo sawa, vichwa vyake vimezama usawa wa ubao. Nilipitisha kidole juu yake mmoja baada ya mwingine kabla sijaelewa kazi yake: ni kipimo cha yadi. Muuzaji hakuhitaji fimbo wala futi. Alivuta kitambaa kutoka msumari hadi msumari, akihesabu huku anazungumza na mteja. Katikati ya msumari wa kwanza na wa pili ubao umelika kidogo, umebonyea, kwa sababu kila kitambaa, kiwe cha yadi moja au cha yadi kumi, lazima kilianzia hapo.

Nilisimama pale muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu. Nikamwomba fundi anichagulie kitambaa cha shati la mzee, akanijibu kwamba la maana halipo leo, ila Jumamosi analetewa jora kutoka ng'ambo ya mto.

Jioni, nikiwa nimekaa peke yangu kwenye mkahawa wa viti ishirini, nilianza kuitilia shaka ile simulizi ya 1972, si kwa sababu ni ya uongo bali kwa sababu inabebeshwa kila kitu. Miaka zaidi ya hamsini imepita, na miji mingine ya Uganda iliyokimbiwa vilevile imejaa upya. Zamani mwenye kutaka umeme wa kutosha alijenga karibu na bwawa. Leo nyaya zinaufikisha Kampala, na mwenye mtaji huwafuata wateja. Tena ile barabara kuu, iliyonishusha pembeni jana pamoja na mama wa kuku, haimlazimishi msafiri yeyote kuingia mjini kununua hata chupa ya maji.

Siku ya tano, Ijumaa: Walukuba na ng'ambo ya mto

Fundi cherehani alinielekeza Walukuba, mtaa wa nyumba ndogo zilizojengwa na serikali ya kikoloni kwa ajili ya wafanyakazi Waafrika, upande wa mashariki wa mji. Huko, alisema, nitaongea Kiswahili nichoke. Alisema kweli. Watu wa Walukuba walitoka kila upande, kutoka Uganda kaskazini, Kenya magharibi, na wengine kwetu, na lugha iliyowaunganisha kiwandani ndiyo waliyorudi nayo nyumbani. Kambi ya jeshi iliyopo mjini nayo ilisaidia. Ndiyo kambi ambayo askari wake waliasi Januari 1964, siku chache tu baada ya wenzao wa Dar es Salaam.

Mzee niliyemkuta chini ya mwembe alikuwa mashine moja na mjomba, kama wasemavyo mafundi. Naye alisokota uzi. Nilimwamkia shikamoo, akacheka na kusema kwamba hajaisikia tangu Watanzania walipopita hapa mwaka 1979. Nilipotamka neno "1972" alinyoosha kiganja kunizuia.

"Mwanangu, wewe umeanzia katikati," alisema. "Mtaa huu ulianza kuhama kabla ya Wahindi."

Alinikumbusha jambo ambalo nililisoma zamani na kulisahau. Mwishoni mwa 1970, Amin akiwa bado hajatwaa madaraka, serikali ya Milton Obote iliamuru wafanyakazi wasio raia waondolewe kazini, na Wakenya wapatao 30,000 wakarudi kwao, wengi wao Wajaluo waliokuwa vibarua na mafundi wa viwanda na reli. Mzee huyu baba yake alikuwa Mjaluo na mama yake Msoga, mwenyeji wa hapa, na upande wa mama ndio uliomwokoa. Alinionyesha nyumba kwa kidole, moja baada ya nyingine, akitaja kilichokuwa kazi ya kila mkuu wa kaya: huyu rangi, huyu mitambo ya kufuma, huyu karakana ya reli, huyu mpishi wa kantini. Zamu ya usiku ya idara yake, alisema, ilibaki na watu wachache kiasi kwamba mitambo mingine iliachwa imezimwa, na waliobaki walifundisha vijana wapya kwa haraka, bila mwalimu wa mwalimu. Kwa hiyo wenye maduka walipofukuzwa miaka miwili baadaye, tayari wateja wao wa mwisho wa mwezi walikuwa wamepungua.

Nilitazama nyumba zile kwa makini. Hakuna hata moja yenye jina la ukoo wala mwaka juu ya paa. Waliofukuzwa 1972 wamebaki wameandikwa kwa saruji katika Barabara Kuu, na mgeni yeyote anaweza kuwasoma. Waliofukuzwa 1970 wameandikwa katika kichwa cha mzee mmoja anayeugua pumu. Sisemi hivyo ili kupima machungu ya hawa na wale. Nasema kwamba mimi mwenyewe, mpwa wa fundi wa kusokota uzi, nilikaa siku nzima katikati ya mji nikiuliza habari za wenye maduka, na wala sikuuliza walikwenda wapi watu wa zamu.

Mchana nilivuka kwenda Njeru. Nytil ipo huko, ng'ambo ya mto, chini ya jina jingine, na inaendelea kutengeneza nguo. Nilisimama nje ya lango saa ya kubadilishana zamu, nikawaona wanawake kwa wanaume wakitoka, nyuzi nyeupe zimenasa kwenye nywele zao kama ilivyokuwa kwa mjomba alipokuwa akirudi jioni na sisi watoto tukagombania kumpukuta. Hawakuelekea Barabara Kuu ya Jinja. Walinunua mahindi ya kuchoma na ndizi pale pale langoni, wakapanda bodaboda, wakatawanyika.

Siku ya sita, Jumamosi: mtoni, kisha dukani

Alfajiri nilishuka mahali mto unapoanza. John Speke, mpelelezi Mwingereza, aliliona ziwa kwa mara ya kwanza kutoka kwetu Mwanza tarehe 3 Agosti 1858, na tarehe 28 Julai 1862 akafika hapa, akayaona maporomoko ambayo wenyeji walikuwa wakivua samaki chini yake tangu enzi na enzi, akayapa jina la Ripon. Maporomoko hayo hayapo tena. Bwawa la 1954 lilipandisha maji yakafunikwa. Mwenye mtumbwi alinipeleka mahali ambapo uso wa maji unachemka kidogo, duara kwa duara. Ufukweni ipo sanamu ya Gandhi, kwani sehemu ya majivu yake ilimwagwa hapa mwaka 1948. Mbali, upande wa kaskazini, nyaya za daraja jipya lililofunguliwa 2018 zilianza kushika jua, na malori yalikuwa yakipita juu yake moja kwa moja bila kupunguza mwendo.

Saa tatu nilirudi kwa fundi. Jora lilikuwa limefika, la rangi ya bluu iliyofifia, pamba tupu, limefumwa kule kule nilikosimama jana. Nilimwambia kwamba mjomba ni mtu mrefu, tuchukue mita tatu.

Alilivuta jora juu ya kaunta, akashika pindo la kitambaa kwenye msumari wa kwanza, pale ubao ulipobonyea, akakivuta hadi wa pili. Hapo alisimama, akalaza vidole vinne vya mkono wa kulia baada ya msumari, akavibana pamoja, ndipo akakunja. Nilimwuliza vidole ni vya nini. Alisema misumari ni ya yadi na wateja wa siku hizi wanataka mita. Kisha akarudi msumari wa kwanza kuanza ya pili.